Mtumishi wa Mungu Matt Talbot: Saidia Fundi Aliyeshinda Ulevi

Kila asubuhi, jua linapochomoza juu ya majabali ya Mwanza, tunawaona vijana wakishuka kutoka Igogo, Mabatini na Isamilo wakielekea kwenye maeneo ya ujenzi. Wengi wao ni saidia fundi: hubeba mawe, huchanganya zege, hupandisha ndoo juu ya majukwaa ya miti. Wapo miongoni mwao wanaofika kazini wakiwa wameshakunywa gongo au kuvuta bangi, wakiamini kwamba wanajipatia nguvu. Mafundi wanajua, wasimamizi wanajua, na mara nyingi hakuna anayesema neno mpaka mtu anapoanguka. Kwa ajili ya ndugu zetu hao, na kwa ajili ya familia zinazowangoja jioni, tunayatazama leo maisha ya mtu aliyefanya kazi kama yao na kufungwa na kamba ileile.

Matt Talbot alizaliwa Dublin, nchini Ireland, tarehe 2 Mei 1856, siku inayofuata ile ambayo leo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa Charles na Elizabeth. Nyumba ilikuwa ya kimaskini, na baba yake alikuwa mnywaji. Matt aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akaajiriwa na wafanyabiashara wa mvinyo na bia. Huko, kijana aliyepaswa kujaza chupa alijifunza kuzimaliza. Baadaye alihamia kwenye maghala ya bandarini, ambako pia kilevi kilikuwa karibu na mkono wake. Kazi zenyewe zilimlea katika ulevi kabla hajafikia umri wa kuchagua.

Alipokuwa kijana akawa kibarua wa ujenzi, akiwabebea waashi matofali na chokaa. Alijulikana kwa uchapakazi, lakini ujira wake uliishia kwenye kilabu cha pombe. Fedha zilipokwisha alikopa, na mikopo ilipokataliwa aliweka rehani nguo na viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake waliiba fidla ya mpiga muziki wa mtaani, wakaiuza ili wapate kinywaji. Hivyo alimnyang'anya maskini mwenzake kitendea kazi chake, na jambo hilo lilimchoma moyo maisha yake yote.

Mwaka 1884, akiwa na umri wa miaka 28, alisimama nje ya kilabu siku ya Jumamosi bila senti mfukoni. Alitumaini kwamba rafiki mmojawapo, kati ya wengi aliowanunulia pombe siku za mshahara, angemkaribisha ndani. Walipita mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemwalika. Matt akarudi nyumbani kwa huzuni na aibu, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama, aliyekwisha kuona mengi, alimsihi asiiweke kama hakusudii kuitimiza, kisha akamwombea msaada wa Mungu. Siku hiyo Matt alikwenda kwenye chuo cha mapadre cha Clonliffe, akaungama dhambi zake, akaahidi kutokunywa kwa miezi 3.

Tuizingatie hekima ya hatua hiyo. Hakuahidi maisha yote siku ya kwanza. Alianza na miezi 3, akaongeza 6, na ndipo akajifunga kwa maisha yake yote. Wala ushindi haukuja kwa usiku mmoja. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya mapambano makali. Alipojua kwamba fedha mfukoni humvuta kwenye kilabu, aliacha kutembea na fedha. Alipojua kwamba saa za jioni ndizo za hatari, alizipeleka kanisani. Kabla ya kazi alihudhuria Misa ya alfajiri, na hatimaye aliacha hata tumbaku. Mwaka 1890 alijiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Alilipa madeni yake moja baada ya jingine. Alimtafuta sana yule mpiga fidla ili amrudishie haki yake. Alipomkosa, alitoa fedha ili Misa ziadhimishwe kwa nia yake.

Tangu miaka ya 1890 alifanya kazi katika yadi ya mbao ya kampuni ya T. & C. Martin, karibu na bandari. Wenzake walipokwenda kula, alijitenga kati ya marundo ya mbao na kupiga magoti. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuwakimbia wenzake. Mwaka 1911 alijiunga na chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na James Larkin, katika tawi la vibarua wa ujenzi. Mwaka 1913 waajiri wa Dublin waliwafungia milango wafanyakazi wapatao 20,000 waliokataa kukikana chama hicho, na Matt alikuwa upande wa wenzake. Inasimuliwa kwamba fedha kidogo alizopewa na chama wakati wa mgomo aliwagawia wenye watoto. Aliliishi kwa vitendo fundisho ambalo Papa Leo XIII alilitoa mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum: mfanyakazi anastahili ujira wa haki, na anayo haki ya kuungana na wenzake.

Aliishi katika chumba kimoja, akalala juu ya ubao, akala kidogo, na sehemu kubwa ya ujira wake akawapa maskini na wamisionari. Tarehe 7 Juni 1925, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, alianguka na kufa katika kichochoro cha Granby Lane akielekea kwenye Misa. Mwili wake ulipovuliwa nguo hospitalini ilionekana minyororo aliyoivaa kwa siri, alama ya kujiweka wakfu kwa Bikira Maria. Malipizi ya namna hiyo hatuhimizwi kuyaiga bila kiongozi wa kiroho, lakini uaminifu wake sote twaweza kuufuata. Mwaka 1975 Mtakatifu Papa Paulo VI alitambua rasmi kwamba Matt aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, hatua itanguliayo kutangazwa Mwenyeheri.

Maisha haya yanatufundisha nini sisi wa kando ya Ziwa Viktoria? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri alinde uhai wa wafanyakazi wake, na kumpima mtu kilevi kabla hajapanda jukwaani kwaweza kuwa tendo la upendo, kwa kuwa mlevi aliye juu huhatarisha pia walio chini. Lakini kipimo huonyesha kilichomo mwilini tu. Hakimwonyeshi mtu njia ya kurudi. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1996 unaelekeza kwamba ulevi kazini utazamwe kama tatizo la afya, siri za mfanyakazi zilindwe, na ushauri na tiba vitangulie adhabu. Sera za namna hiyo hupaswa kupangwa na mwajiri pamoja na wafanyakazi. Hapa chama cha wafanyakazi kama TAMICO, chenye wanachama wa migodini na wa ujenzi, kina kazi kubwa ya kufanya.

Matt hakupata ushauri wowote kazini. Alichopata ni mama wa kumwombea, padre wa kumsikiliza na kazi ya kurudi kesho yake. Je, kijana wetu akipimwa na kukutwa na kilevi, atavipata vitu hivyo vitatu? Kumfukuza tu ni kumrudisha nje ya mlango wa kilabu, akingoja rafiki ambaye hatakuja. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kumfuata nyumbani, kumsindikiza kwenye Kitubio, na pia kumpeleka hospitalini bila aibu, kwa kuwa sala na tiba hazigombani. Kwa walionaswa na heroini, huduma ya methadone hutolewa hapa Mwanza katika Hospitali ya Sekou Toure.

Huko Dublin, daraja lililofunguliwa mwaka 1978 juu ya mto Liffey linaitwa kwa jina la Talbot, kibarua aliyewahi kuweka viatu vyake rehani. Nasi tunapovuka ghuba yetu kwa daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi, tuwakumbuke waliolijenga kwa mikono yao. Tumwombe Mungu, kwa maombezi ya mtumishi wake Matt, kwamba asiwepo kati yao anayezama tukimtazama kutoka ufukweni.