Mohamed Amin, Mhimizaji wa Kulisha Wenye Njaa

Sisi watu wa pwani husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu nayo hailii peke yake. Hapana budi awepo mtu wa kuishika pembe na kuipuliza, tena aipulize mahali ambapo watu watasikia. Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mtu aliyeipuliza mbiu hiyo kwa kamera, dunia ikaamka usingizini. Naye ni marehemu Mohamed Amin, mpiga picha wa Nairobi, aliyejulikana na wengi kwa jina la Mo.

Nimeamua kumwandika kwa sababu vijana wetu wengi leo wameajiriwa katika mashirika ya misaada. Wengine huketi katika ofisi za Westlands na Lavington, wakipanga magunia na malori kwa simu na karatasi, na huenda hawajui kwamba kazi yao ina deni kwa mwana wa mfanyakazi wa reli.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943, katika nyumba ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Baba yake alifanya kazi katika reli. Mwaka 1952 jamaa yote ilihamia Dar es Salaam, na huko ndiko kijana alikopata kamera yake ya kwanza, kamera kuukuu ya aina ya Box Brownie. Wenzake walicheza mpira, yeye alipiga picha na kuziuza. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, alianzisha biashara yake ya picha pale pale Dar es Salaam akaiita Camerapix.

Januari ya mwaka uliofuata yalitokea mapinduzi ya Unguja, naye akavuka bahari kwenda kuyapiga picha. Kisiwa hicho kilimfunza mapema kwamba picha ina gharama. Mwaka 1966 alikamatwa huko, akawekwa gerezani karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa Tanzania. Alirudi alikozaliwa, Nairobi, hana mali ila ujuzi wake na ukaidi wake. Ofisi yake ikawa katika Chester House, Mtaa wa Koinange, katikati ya jiji, penye waandishi wengi wa habari wa kigeni. Kutoka hapo alilipelekea shirika la Visnews la London picha za Afrika nzima.

Wakenya walimjua hasa tarehe 5 Julai 1969. Siku hiyo Tom Mboya alipigwa risasi katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Amin alifika upesi na kamera yake, akaingia hata ndani ya gari la wagonjwa. Picha zile zilimpa tuzo kubwa ya wapiga picha wa televisheni nchini Uingereza. Waislamu nao wana jambo lao la kumkumbukia. Aliipiga picha ibada ya Hija, na mwaka 1978 kitabu chake cha picha juu ya safari ya Makka kilitolewa, wakati ambapo ruhusa ya kupiga picha katika miji ile mitukufu ilikuwa adimu kupatikana.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1984 mvua za masika zilikosekana Kenya. Wa rika langu wanakumbuka mahindi ya njano. Yalishuka bandarini Kilindini, yakapanda reli na malori, yakafika madukani, na watu wakayanung'unikia ugali wake. Hata hivyo walikula. Serikali ilikuwa imeagiza nafaka mapema na kuzigawa kwa njia ya wafanya biashara na maofisa wa wilaya, na kwa hiyo ukame haukugeuka kuwa vifo vya halaiki. Huo ni mfano wa mpango uliofanywa kwa wakati wake.

Ethiopia hali ilikuwa nyingine. Ukame ulishikana na vita vya Tigray na Eritrea, na serikali ya Addis Ababa mwezi wa Septemba 1984 ilishughulika na sherehe za miaka kumi ya utawala wake. Wageni wa habari hawakutakiwa kaskazini. Mashirika ya misaada yalikuwa yakipiga kelele miezi mingi, ripoti zao zikitumwa London, Geneva na New York. Hesabu za tani zilikuwamo, na idadi ya watu ilikuwamo. Karatasi hizo zilisomwa, zikawekwa katika majalada, na majalada yakafungwa.

Hapo ndipo utaona kazi halisi ya Amin. Wengi humsifu kwa jicho lake, lakini mimi namsifu zaidi kwa mipango yake. Alijua ofisi gani hutoa kibali na nani atie sahihi, ndege gani inakwenda wapi, na kanda za filamu zitatokaje nchini zisizuiliwe. Kibali cha kwenda kaskazini hakikupatikana kwa urahisi, lakini alikishikilia mpaka kikatoka. Mwezi wa Oktoba 1984 yeye na Michael Buerk wa BBC walipata nafasi katika ndege ya shirika moja la misaada, wakafika Korem na Mekele.

Walichokikuta Korem ni maelfu ya watu wametanda uwandani kwenye baridi ya alfajiri, wamejifunika mashuka, na maiti zikipangwa kando moja moja. Katika kituo cha Msalaba Mwekundu huko Mekele, muuguzi alilazimika kuchagua watoto wachache wa kulishwa kati ya mamia, kwa maana chakula hakikutosha wote. Amin aliyapiga picha hayo taratibu, bila ya kuitikisa kamera. Kisha kanda zikapitia Nairobi hadi London, na tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ikazionyesha. Siku hiyo hiyo zilionekana Marekani. Baadaye ilihesabiwa kwamba vituo vya televisheni 425 vilizionyesha, na watazamaji wapatao milioni 470 wakaziona.

Lililofuata walilisikia hata watoto. Wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo mwezi wa Desemba, wale wa Marekani wakafuata, na tarehe 13 Julai 1985 likafanywa tamasha kubwa London na Philadelphia kwa siku moja. Lakini nyimbo hazipiki uji. Fedha zilipopatikana ndipo ilipoanza kazi ngumu isiyoonyeshwa katika televisheni, yaani kazi ya kupanga.

Nafaka ziliingia kwa bandari za Assab na Massawa. Bandari zilijaa, na malori yakawa machache kuliko mizigo. Barabara za milimani zilikuwa mbovu, na nyingine zilikatika kwa vita. Gunia lililotoka Marekani kwa meli liliweza kulala gatini majuma mengi huku mwenye haki yake yuko mlimani anakufa. Mwezi wa Novemba 1984 Umoja wa Mataifa ulimweka Kurt Jansson wa Finland mjini Addis Ababa, awaunganishe wafadhili, mashirika na serikali, kila mmoja ajue mwenziwe analeta nini na wapi. Ndege za kijeshi za Uingereza, Ujerumani Magharibi na Umoja wa Sovieti zikabeba nafaka katika anga moja, wakati ambapo mataifa hayo yalikuwa hayaaminiani kabisa. Njaa iliwalazimisha mahasimu kugawana uwanja.

Je, walichelewa? Naam, walichelewa. Makadirio ya waliokufa yanaanzia watu laki nne na kufika milioni moja. Tena msaada wenyewe haukukosa doa. Serikali ya Addis Ababa iliwahamisha watu wengi kwa nguvu kutoka kaskazini hadi kusini, na madaktari wa Kifaransa wa shirika la Médecins Sans Frontières walipolipinga jambo hilo hadharani walifukuzwa nchini mwishoni mwa 1985. Mwenye kupanga misaada huyakuta mambo ya namna hii kila siku: akisema, mlango hufungwa na wenye njaa hukosa, akinyamaza, huwa mshirika wa dhuluma. Sidhani kuna kanuni moja ya kulitatua hilo. Kila mtu hulipima kwa dhamira yake.

Na liko swali la pili, linalotuhusu zaidi sisi tuliolelewa kwa adabu ya sitara. Dini yatufunza kuficha sadaka, tusimvunjie maskini heshima yake. Basi yawaje kumpiga picha mama anayemzika mtoto, na kumwonyesha kwa watu milioni mia nne? Nimelisikia swali hili likiulizwa barazani na wazee wenye elimu, na sikuona aliyelijibu kwa wepesi. Wako Waethiopia ambao hata leo huumwa nchi yao ya kale inapotajwa kwa njaa tu.

Mimi nalitazama hivi. Sura ya Maun ni miongoni mwa sura za mwanzo tulizohifadhi chuoni, tukiwa bado tunaandika juu ya ubao. Aya zake hazimlaumu asiyetoa pekee. Humlaumu pia asiyehimiza kulishwa kwa maskini. Kutoa ni kazi ya mwenye nacho, na kuhimiza ni kazi ya kila mtu. Sadaka ya siri ni ya mtoaji binafsi. Lakini mji mzima unapokufa kwa njaa huku wenye maghala wamefumba macho, sitara hiyo humfunika mwenye ghala, haimfuniki mwenye njaa. Amin aliifunua. Tofauti yake na wapiga picha wa siku hizi ni kwamba picha zake zina utulivu. Wale watu wa Korem wanaonekana ni watu, wana adabu zao na misiba yao, si mizoga ya kutishia watazamaji.

Baada ya hapo Nairobi yenyewe ilibadilika. Mwaka 1989 ulianzishwa mpango mkubwa wa Umoja wa Mataifa wa kupeleka chakula Sudan ya Kusini kupitia Lokichoggio, na kuanzia 1991 Somalia iliposambaratika mashirika mengi yalisimamia kazi yake kutoka Nairobi. Ofisi zikasambaa kutoka katikati ya jiji kuelekea Westlands na Barabara ya Waiyaki. Camerapix nayo baadaye ilihamia upande huo, ABC Place, jirani na hao hao watu wa misaada.

Amin hakuishi kwa raha. Mwezi wa Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini. Mwenzake wa kunasa sauti, John Mathai, alifariki pale pale, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Watu walidhani kamera imekwisha. Alipata mkono wa bandia, na baada ya miezi michache akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopia kutoka Addis Ababa kurudi nyumbani Nairobi, pamoja na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Ndege ilitekwa na vijana watatu waliotaka wapelekwe Australia, wasiamini kwamba mafuta hayatoshi. Mafuta yakaisha juu ya bahari yetu. Ndege ikaanguka majini karibu na Mitsamiouli, Ngazija. Kati ya watu 175 waliokuwamo walikufa 125, Amin na Tetley miongoni mwao. Yasemwa kwamba mpaka dakika za mwisho alikuwa amesimama, akijaribu kuzungumza na watekaji.

Wakazi wa Ngazija na wageni waliokuwa pwani walitoka kwa mitumbwi na mashua, wakawavuta hai na maiti. Hapakuwa na wakati wa kuuliza dini wala taifa, na hapakuwa na ofisi ya kuwapangia. Kila aliyekuwa na chombo alikiingiza majini, na watu hamsini wakaokoka.

Alikufa akiwa na miaka 53. Mwanawe Salim aliendeleza Camerapix, na vijana wa Kiafrika wakafunzwa kazi ya kamera kwa jina la baba yake. Hayo ni mazuri. Lakini urithi wake mkubwa nauona kila inapotangazwa njaa Turkana, Garissa au Somalia. Ripoti huandikwa mapema sasa kuliko mwaka 1984, na hesabu zake ni sahihi zaidi. Bado zahitaji mtu wa kuzitoa katika jalada na kuwafanya wenye maghala wasikie. Mwenyezi Mungu amrehemu Mohamed Amin, na atujaalie sisi tuliobaki tuwe miongoni mwa wanaohimiza.