Robert Koch, mutoto wa mine aliyekuwa munganga wa Leta

Mutu wa mine akikohoa wiki mbili bila kupona, iwe Kolwezi iwe Sandoa, wanamutuma kupimisha makohozi, na kwenye karatasi wanaandika herufi mbili: BK. B ni basili, ile mikrobe ya kifua kikuu. K ni Koch, jina la mutu. Wengi kati yetu tumeliona hilo jina bila kujua kama mwenyewe alitoka mu familia ya mine kama zetu.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 kule Clausthal, muji wa milimani mu Ujerumani, kwenye walikuwa wanachimba feza na risasi. Baba yake alikuwa mukubwa wa kazi ya mine, na nyumba ilikuwa na watoto 13. Robert akasoma uganga, akatumika mu vita vya 1870, kisha akawa munganga wa Leta kule Wollstein, muji mudogo wa wakulima. Laboratware hakuwa nayo. Alikuwa na darubini na kona ya chumba alimokuwa anapokea wagonjwa, basi. Mu 1876 akaonyesha kama kimeta, ule ugonjwa unaoua ngombe na watu, unaletwa na mikrobe moja yenye kujulikana, si hewa mubaya. Tarehe 24 Machi 1882, mu Berlin, akaonyesha mikrobe ya kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa unaua Ulaya kuliko vita. Miaka miwili nyuma yake akapata ile ya kolera, kwa kazi aliyofanya Misri na India.

Mbele ya Koch, Leta ilikuwa inafunga mutu mwenye ugonjwa ulionekana kwa macho. Kisha darubini yake, Leta iliweza kumwambia mutu mwenye kujisikia muzima kama iko nayo mu mwili, na kama atakaa kwanza mahali walimuweka. Hii nguvu ilikuwa mpya. Inategemea mwenye kuishika anaifanyia nini.

Hamburg, mu Agosti 1892, ilifanya kazi muzuri, hata kama ilichelewa. Ule muji ulikuwa unatawaliwa na wafanyabiashara wakubwa. Kolera ilipoingia, walikawia kuitangaza, juu ya kuogopa meli zitakatazwa kutoka bandarini. (Biashara kwanza, watu kisha: tunaijua.) Serikali ya Berlin ikamutuma Koch. Masomo yakafungwa, mikutano ikakatazwa, maji ya kuchemsha yakagawanywa mu barabara kwa magari. Lakini zaidi ya watu 8,600 walikufa. Altona, muji jirani kabisa, barabara moja tu kati yao, ulikunywa maji ya mto uleule wa Elbe na kufa watu wachache sana. Tofauti ilikuwa paka muchanga: Altona walikuwa wanachuja maji kwa muchanga, Hamburg hapana. Mwaka uliofuata Hamburg nao wakafungua mashini yao ya kuchuja. Siye wenye kuishi karibu na Haut-Lomami, kwenye kolera inarudi kila mara, tunaona wazi kama pale Leta ilishika bomba la maji, haikushika tu mutu.

Koch hakuwa mutu wa kushinda kila siku. Mu 1890 alitangaza tuberkulini kuwa dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wakakimbilia Berlin kutoka kila inchi, serikali ikafurahi, ikamujengea taasisi. Dawa ile haikuponya, na wamoja walikufa. Leo inatumika paka kwa kupima.

Halafu Afrika. Alikuja mara nyingi: Kimberley kwa tauni ya ngombe, Dar es Salaam kwa malaria, Bulawayo kwa ugonjwa wa ngombe tena. Mu 1906, mwaka uleule Union Minière ilizaliwa huku Katanga, alifika visiwa vya Sese, mu ziwa Victoria, upande wa Uganda. Malale, ugonjwa wa usingizi, ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 mu Uganda kwa miaka michache. Koch alikuwa na atoksili, dawa ya sindano yenye kuwa na arseniki ndani. Wagonjwa walikuja kwa mamia, wamoja walibebwa, wakaanza kuamka na kutembea. Lakini kisha miezi mikrobe ilikuwa inarudi mu damu. Akaongeza kipimo. Watu 22 wakapofuka, na macho hayakurudi tena.

Hata hivyo shauri alilotoa kwa serikali yake ni kukusanya wagonjwa mu makambi, kufyeka majani ya pembeni ya maji kwenye mbungo anakaa, hata kuua mamba juu ya mbungo anakula damu yao. Wajerumani wakajenga makambi, kama lile la Kigarama karibu na Bukoba. Watu waliingia walipofikiri dawa inaponya. Walipoona wenzao wanakufa ao wanapofuka, walitoroka usiku. Kwa maoni yetu hawakuwa wajinga: walihesabu walichopewa na walichonyanganywa.

Huku kwetu ilikuwa vilevile. Leta ya Wabeleji ilijenga lazareti za malale na kuomba karatasi ya munganga kwa mwenye kusafiri. Ngambo ya Luapula, upande wa Rhodesia, Waingereza walihamisha vijiji vilivyokuwa kando ya mto.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, kwa ugonjwa wa moyo, miaka 66. Watu wa Sese, wenye Waingereza walihamisha kutoka visiwa vyao mu 1909, siku ile walikuwa bado hawajapewa ruhusa ya kurudi.