Eliud Mathu: Mwalimu katika Baraza la Kutunga Sheria

Ukitoka Chuo Kikuu cha Kenyatta kuelekea Ruiru utaupita mtaa wa Membley, uliojengwa palipokuwa na mashamba ya kahawa. Leo shule za chekechea zimejaa humo. Tangu Katiba ya 2010, elimu hiyo ni jukumu la kaunti, na sheria zake hujadiliwa katika Bunge la Kaunti ya Kiambu. Makala haya yanamkumbuka mwana wa Kiambu ya zamani aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuketi katika chombo cha kutunga sheria nchini Kenya.

Hayati Eliud Wambu Mathu alizaliwa Riruta mnamo 1910. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance mwaka wa 1926, kisha akasomea Fort Hare, Afrika Kusini, na baadaye Exeter na Balliol, Uingereza. Aliporejea alifundisha Alliance. Jambo ambalo wasomaji wengi hawalitilii maanani ni kwamba aliuacha ualimu huo wa heshima akaenda kuongoza shule ya Karing'a huko Dagoretti, yaani shule ya wazazi waliokuwa wamejitenga na misheni. Kwa maoni yangu, uamuzi huo unamweleza Mathu kuliko shahada zake zote.

Oktoba 1944 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Hadi hapo Waafrika walikuwa wakisemewa na Wazungu, na hata yeye aliketi pamoja na Leonard Beecher, kasisi aliyewakilisha maslahi yayo hayo. Chama cha KAU kiliundwa mwezi huo ili kumuunga mkono. Tuzingatie hali aliyoikuta: tangu 1942 watoto wa Kizungu walikuwa na sheria iliyowalazimu kusoma, ilhali mtoto wa mchuma kahawa wa Ruiru hakuwa nayo. Mathu alidai elimu, ardhi na kuondolewa kwa kipande, lakini kura moja haishindi ukumbi uliojaa maafisa na walowezi. Mwafrika wa pili, B. A. Ohanga, aliingia 1947.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka wa 1952, shule za Karing'a zilifungwa. Katika vijiji vya lazima, akina mama walipopelekwa kufanya kazi ya shuruti, watoto wao wadogo walikusanywa katika vituo vya malezi. Ajabu ni kwamba historia ya chekechea katika maeneo haya inapitia humo, penye dhiki, wala si katika hoja yoyote ya Baraza.

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji vyeti vya utiifu ili kupiga kura, hivyo Wakikuyu wengi wakaachwa nje, na Mathu akashindwa na Bernard Mate. Alifanya kazi na Umoja wa Mataifa, Addis Ababa, kisha akaitumikia Ikulu chini ya Rais Jomo Kenyatta. Alifariki 1993.

Sheria ya Watoto, iliyotamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima kwa kila mtoto wa Kenya, ilipitishwa mwaka wa 2001, miaka 59 baada ya ile ya watoto wa Kizungu.