Livingstone na madaftari ya mvua yaliyopita Ugogo

Mvua ya mwaka jana kila mtu anaikumbuka. Ya mwaka juzi tunaanza kubishana. Je, ya mwaka 1872 nani anaikumbuka? Nauliza kwa sababu sisi watu wa Kizota na Dodoma yote tunaishi kwa mvua ya milimita 500 na kitu kwa mwaka, ikileta maringo mwezi mmoja tu mtama umekwisha. Kila mzee atakwambia zamani ilinyesha vizuri. Vizuri kiasi gani? Hapo ndipo anapoingia David Livingstone, yule tuliyemkariri shuleni kwa ajili ya mtihani halafu tukamsahau.

Jamaa alizaliwa 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskochi, familia ya hali ya chini kabisa. Akiwa na miaka 10 alishaanza kibarua kwenye kiwanda cha pamba, huku anasoma jioni. Akajisomesha mpaka udaktari, na mwaka 1841 akafika Afrika Kusini kama mmisionari.

Kasheshe na mvua ilimwanzia Kolobeng, sehemu ambayo leo ni Botswana. Alihamia hapo mwaka 1847 akikimbia ukame wa kituo chake cha awali, akachimba mfereji wa kumwagilia kutoka mtoni. Mwaka wa kwanza mambo safi. Mwaka 1848 akambatiza Sechele, chifu wa Wakwena, ambaye mwenyewe alikuwa mganga wa mvua anayeheshimika. Chifu akaiacha kazi hiyo, na mvua nayo ikagoma. Mto ukakauka, samaki wakafa. Watu wakaunganisha mambo mawili hayo wakaona mzungu kamfunga chifu wao. Mimi siwacheki jamani, hata hapa Ugogo watemi wa zamani walidaiwa mvua, na isiponyesha lawama zilikuwa zao.

Livingstone yeye alipima. Alifukia kipimajoto kwenye udongo saa za mchana akaandika kilichosoma. Aliandika kwamba sindano zilizoachwa nje miezi mizima hazikushika kutu. Ebu fikiria, sindano! Hakuwa anajua kwamba baadaye kuna mtu atahitaji ushahidi huo, ila kwa kujua sindano haijashika kutu unajua hewa ilikuwa kavu namna gani.

Mambo ya katikati nayapitia haraka kwa sababu yapo vitabuni: maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855, halafu safari ya Zambezi kuanzia 1858, ambayo nayo ilikutana na ukame na njaa kali bonde la Shire, Malawi ya leo, mwaka 1862 na 1863.

Januari 1866 akatua Zanzibar, Machi akaenda Mikindani na kupotelea bara. Alipofika Umanyema, Kongo ya leo, karatasi zikamwishia. Mwaka 1871 akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la Kiingereza, akilikatiza maandishi yaliyochapwa, kwa wino aliotengeneza mwenyewe kutokana na mimea. Wino ule ulififia, kwa zaidi ya miaka 100 kurasa nyingi hazikusomeka. Mwaka 2011 watafiti walizitoa hadharani baada ya kuzipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maandishi yakarudi.

Sasa njoo nyumbani. Stanley alimkuta Ujiji Novemba 1871, wakaja pamoja mpaka Tabora. Machi 14, 1872 wakaagana, Stanley akaondoka na daftari kubwa la Livingstone likiwa limefungwa kwa lakiri, pamoja na barua zake. Njia ilikuwa moja tu ya maana, ile ya misafara inayokata Ugogo, unalipa hongo kwa kila mtemi ndio unapita. Yaani madaftari ya mvua yalipita nchi hii yakiwa kichwani kwa wapagazi.

Walipotelemka kutoka Mpwapwa kuelekea mbuga za Makata, upande wa Kilosa, masika ikawakamata. Mbuga yote ilikuwa ziwa. Kwenye mto mmoja uliofurika mpagazi aitwaye Rajabu aliingia na sanduku lile lile lenye maandishi ya Livingstone, maji yakimpanda. Stanley akamwelekezea bastola na kumwambia akiliangusha anampiga risasi. Ukatili mtupu kwa mtu aliyebeba mzigo wako! Rajabu alivuka, sanduku likavuka. Kwa maoni yangu jina la Rajabu lilitakiwa kuwa kwenye vitabu vyetu vya historia. Mbele kidogo wakakuta mji wa Simbamwene, Morogoro, umebomolewa na mafuriko sehemu ya ukuta na nyumba nyingi.

Mwezi huo huo, Aprili 15, 1872, kimbunga kilipiga Unguja. Mikarafuu ikang'olewa mashamba kwa mashamba, meli za Sultani Barghash zikavunjika. Pemba ilinusurika, na kuanzia hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu.

Unaona kazi inavyofanyika? Mmoja anaandika mafuriko bara, mwingine anaandika kisiwani, hawajasomeana. Mtafiti anaweka maandishi yao pamoja kwa tarehe, anatafuta maneno kama mto kufurika, mbegu kuchelewa, bei ya chakula kupanda, kisha anaupa kila msimu daraja kuanzia ukame mkali mpaka mvua kubwa sana. Kisiwa cha Madagaska vimbunga vya karne ya 19 vimefuatiliwa hivyo kwa barua za wamisionari, na Malawi mvua zake pia. Mwanasayansi wa Marekani, Sharon Nicholson, alitumia habari za wasafiri kujua maziwa ya Afrika yalijaa lini na kupungua lini.

Ila tuseme ukweli, Livingstone kama shahidi ana kasoro. Alikuwa anatembea. Leo anaandika mvua ya hapa, mwezi ujao yuko mbali, huwezi kulinganisha miaka miwili ya sehemu moja. Mmisionari aliyekaa kituoni miaka 20 akilima bustani anafaa zaidi, hata kama hakuna aliyemjengea sanamu.

Agosti 1872 Livingstone alitoka Tabora kwenda kusini, akaingia mabwawa ya Bangweulu, Zambia, katikati ya mvua. Safari hii ilizidi. Alibebwa majini akiwa anaumwa tumbo na kutoka damu, maandishi yakazidi kuwa mafupi, mwisho ni tarehe tu. Neno la mwisho aliliandika Aprili 27, 1873, na Mei 1 akakutwa amefariki kijijini kwa Chitambo. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakaubeba mpaka Bagamoyo pamoja na madaftari, na mwaka 1874 yakachapwa kitabu.

Kwetu njaa tunazikumbuka kwa majina, kama ile Mtunya ya 1917 hadi 1920, lakini jina halikwambii mvua ilikata mwezi gani. Kwa hiyo mwenye babu au bibi aliyekuwa anaandika tarehe za kupanda na kuvuna kwenye daftari, hata kama limeliwa na mchwa nusu, atuambie hapo chini ni la miaka gani.