Harald Mwana wa Gorm: Mfalme Ambaye Jina Lake Limo Ndani ya Simu Zetu

Huko Bihambwe, katika wilaya ya Masisi, mtu akitaka kumpa mwenzake picha na hana mega ndani ya simu, hangoji mpaka apate pesa ya kununua. Wawili wanasogeleana, kila mmoja anawasha Bluetooth, mmoja anachagua picha, mwingine anakubali kuipokea, na baada ya muda mfupi picha ipo kwenye simu zote mbili. Hakuna intaneti iliyotumika, wala uniti iliyokatwa. Picha za harusi, za ubatizo, za mtoto aliyezaliwa, za mzazi aliyefariki, zote hupita njia hiyo.

Mimi ni mwanafunzi wa isimu, tawi la lugha za Kiafrika, na nina miaka 24. Katika kukusanya maneno ya simu yanayotumiwa na watu wa Masisi, neno hili lilinisimamisha kuliko mengine. Nimelisikia likitamkwa blututhi, blutusi, na hata blutuu. Wengi wetu huku mashariki ya Kongo hatuna th katika ulimi. Anayesema samani badala ya thamani atasema blutusi bila taabu. Neno limeingia katika ngeli ya tisa, nalo linafuata sheria zetu zote: blutusi yangu imezima, blutusi yako haionekani. Lakini asili yake ni jina la mtu. Mtu huyo alikuwa mfalme wa Denmark, akafariki zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maisha yake ndiyo ninayotaka kuyasimulia hapa.

Aliitwa Harald. Baba yake alikuwa Gorm, ambaye historia inamwita Gorm Mzee, na mama yake alikuwa Thyra. Makao yao yalikuwa Jelling, katika rasi ya Jutland. Gorm alifariki mwaka 958 au karibu na hapo. Tarehe hiyo imepatikana kwa kuhesabu pete za miti iliyojengea chumba cha kaburi. Harald akarithi kiti. Dini ya watu wake wakati huo ilikuwa ile ya miungu ya kale ya kaskazini, na baba yake alizikwa kwa desturi hiyo, chini ya kilima cha udongo kilichoinuliwa kwa mikono ya watu.

Kusini mwa Denmark kulikuwa na dola kubwa ya Wajerumani, yenye mfalme Mkristo, maaskofu na majeshi. Hilo ni jambo la kukumbuka tunapofika kwenye habari ya kuongoka kwa Harald. Mtawa Msaksoni aitwaye Widukind, aliyeandika wakati Harald yu hai, anaeleza kwamba padri mmoja, Poppo, alishika chuma kilichotiwa moto mbele ya mfalme ili kuthibitisha nguvu ya Mungu wake, na mkono wake haukuungua. Harald akaamini na kubatizwa. Hayo yalitukia katika miaka ya 960. Msomaji atachagua mwenyewe jinsi ya kukipokea kisa cha chuma. Kilicho wazi ni kwamba mfalme aliyebatizwa alimnyima jirani wa kusini sababu moja kubwa ya kumvamia.

Harald hakumwacha baba yake nje ya imani mpya. Alijenga kanisa la mbao pale Jelling, na wataalamu wengi wanaamini kwamba aliitoa mifupa ya Gorm kilimani na kuizika upya chini ya kanisa hilo. Kisha akasimamisha jiwe. Lina uzito wa tani 10 hivi, na lipo mpaka leo mahali pale pale. Tangu mwaka 1994 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Upande mmoja una mnyama aliyezungukwa na nyoka, upande wa pili una sura ya Kristo, na upande wa tatu una maandishi. Maandishi hayo yanaeleza mambo matatu: kwamba Harald aliagiza jiwe lichongwe kwa ajili ya kumbukumbu ya baba yake Gorm na mama yake Thyra; kwamba yeye ndiye aliyejipatia Denmark nzima na Norway; na kwamba ndiye aliyewafanya Wadeni kuwa Wakristo.

Mwanafunzi wa lugha hawezi kupita jiwe hili bila kutazama herufi zake. Ni herufi za runi, na katika zama za Harald zilikuwa 16 tu. Lugha ilikuwa na sauti nyingi kuliko herufi, kwa hiyo herufi moja ilibeba kazi ya t na d, nyingine ya k na g, nyingine ya b na p. Msomaji alipaswa kuijua lugha kwanza ndipo asome. Waswahili wa pwani walioandika kwa herufi za Kiarabu waliishi na tatizo la namna hiyo hiyo kwa karne nyingi: p, ch na v hazikuwa na herufi zake katika Kiarabu, na msomaji alijaza pengo kwa akili yake.

Harald alikuwa na mke aitwaye Tove, binti wa Mistivoj, mtawala wa Waslavi waliokaa kusini mwa bahari ya Baltiki. Tove naye alisimamisha jiwe lake, kwa ajili ya mama yake, nalo limepatikana Sønder Vissing. Bibi huyu alikulia katika lugha ya Kislavi, akaolewa ugenini, na alipotaka kumkumbuka mama yake alitumia lugha na herufi za ukweni. Katika Masisi, ambapo Kihunde, Kinyarwanda na Kiswahili vinakaa katika nyumba moja, hali hiyo haihitaji maelezo.

Sasa nije kwenye madai ya mfalme. Norway hakuitawala kwa mkono wake mwenyewe. Mtawala wa huko, Haakon, alikubali kuwa chini yake, na baadaye akaacha kumtii. Mwaka 974 majeshi ya Mfalme Otto wa Pili yalimshinda Harald na kumnyang'anya ngome ya mpaka wa kusini, ambayo aliirudisha mwaka 983. Jiwe halisemi lolote kuhusu kushindwa. Ndivyo yalivyo maandishi ya watawala: aliyelipia kuchonga ndiye aliyechagua maneno.

Katika miaka yake ya mwisho alijenga kwa kasi kubwa. Karibu mwaka 980 alijenga daraja la mbao katika bonde la Ravning, lenye urefu wa mita 760 hivi na upana wa mita 5. Zama hizo hizo zilijengwa ngome za duara, kati yake Trelleborg, Fyrkat na Aggersborg, zote kwa mpango mmoja: ukuta wa udongo na mbao, milango minne, njia mbili zinazokatana katikati. Ngome tano za aina hiyo ziliandikwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2023. Miti iliyojengea Trelleborg ilikatwa kati ya mwaka 980 na 981. Misitu ilianguka, watu walichimba na kubeba, na hatuna jina la hata mmoja wao.

Kazi hizo hazikumwokoa. Mwanawe Svend, anayeitwa Ndevu-Panda, aliasi na kuongoza vita dhidi yake. Harald alijeruhiwa, akakimbilia kwa Waslavi, ng'ambo ya bahari, na huko akafariki kati ya mwaka 985 na 987. Adamu wa Bremen, aliyeandika karibu miaka 90 baadaye, anasema mwili wake ulirudishwa na kuzikwa katika kanisa la Roskilde. Svend huyo mwaka 1013 aliiteka Uingereza, na mwanawe Svend, Knud, alizitawala Uingereza, Denmark na Norway. Aliyejisifu kwa kuunganisha nchi alikufa mkimbizi, akiwa amefukuzwa na damu yake mwenyewe.

Je, lile jina la jino? Katika jiwe la Jelling halimo. Linaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza katika tarehe ya Roskilde iliyoandikwa karne ya 12, zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake. Kwa Kidenmark cha leo ni Blåtand: blå ni buluu, tand ni jino. Lakini katika lugha ya kale ya kaskazini neno blå lilienea zaidi ya buluu ya leo. Lilihusu pia weusi na giza. Watu weusi wa Afrika katika lugha hiyo waliitwa blámenn, yaani kwa tafsiri ya neno kwa neno, watu wa buluu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi basi ni mepesi: huenda mfalme alikuwa na jino bovu lililogeuka jeusi, na watu wakamwita kwa kasoro hiyo. Kila kijiji chetu kina mtu wa namna hiyo, ambaye jina lake la ubatizo limesahaulika na jina la utani limebaki.

Jina hilo lilingoja muda mrefu. Katika miaka ya 1990, kampuni ya Ericsson ya Sweden ilikuwa ikitafuta namna ya kuunganisha simu na vifaa vingine bila waya. Kampuni za Intel na Nokia nazo zilikuwa na mawazo ya karibu na hayo. Mwaka 1997 mhandisi Jim Kardach wa Intel, baada ya mazungumzo na Sven Mattisson wa Ericsson kuhusu historia ya watu wa kaskazini, alipendekeza jina la Harald liwe jina la muda la mradi. Hoja yake ilikuwa kwamba mfalme aliunganisha watu, na mradi utaunganisha vifaa. Majina mengine yalikuwa yameandaliwa kwa ajili ya soko, lakini moja lilikuwa limeshatumiwa sana na wengine, na jingine halikuwahi kuthibitishwa kwa wakati. Mwaka 1998 teknolojia ikatangazwa kwa jina la muda, na la muda likawa la kudumu. Alama yake, ile tunayoigusa kwenye simu, ni runi mbili zilizounganishwa: ile ya h na ile ya b, herufi za mwanzo za Harald na Blåtand.

Kinachotokea ndani ya simu kinafanana na mazungumzo sokoni. Simu mbili zinazungumza kwa mawimbi ya redio ya karibu gigahezi 2.4, ambayo hutumiwa na vifaa vingi. Ili zisizibwe na kelele za wengine, zinaruka pamoja kutoka njia moja hadi nyingine kati ya njia 79, mpaka mara 1,600 kwa sekunde moja, kila moja ikijua mwenzake atarukia wapi. Kwa simu za kawaida umbali ni kama mita 10. Siku hizi programu nyingi huachia Wi-Fi kazi ya kubeba faili kubwa, maana ni ya kasi zaidi, lakini sharti la kukaribiana limebaki.

Ipo sababu nyingine ya kusimulia habari hizi kutoka Bihambwe. Milima iliyo jirani, upande wa Rubaya, ni ya koltani. Inakadiriwa kwamba Rubaya hutoa kama asilimia 15 ya koltani ya dunia. Ndani yake mnatoka tantali, madini yanayotumika kutengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Jina tantali nalo lilitoka kaskazini: mwaka 1802 Anders Gustaf Ekeberg wa Sweden aliyaita madini hayo kwa jina la Tantalo wa hadithi za Wagiriki, aliyesimama ndani ya maji na asiweze kuyanywa. Ekeberg alikuwa akifikiria tabia ya madini hayo katika asidi. Mimi nikilisoma jina hilo, namfikiria mchimbaji anayesimama juu ya koltani na kushindwa kununua mega.

Mwaka 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Maelfu kwa maelfu ya watu wa Masisi walikuwa wamekimbilia kambi za pembeni mwa Goma, kama Bulengo. Anayekimbia habebi kaburi la mama yake. Hana jiwe la tani 10, wala mchongaji. Alicho nacho ni picha ndani ya simu, na simu huibiwa, huvunjika, huuzwa kwa ajili ya chakula. Ndiyo maana ndugu wakikutana, kitu cha kwanza baada ya salamu ni kuwasha blutusi na kugawiana sura za waliobaki na waliokufa, ili picha ikipotea kwa mmoja ibaki kwa mwingine.

Katika madai matatu ya Harald juu ya jiwe lake, la Norway lilivunjika kabla hajafa, na la dini wanahistoria wanalijadili hadi leo. Lisilopingwa na yeyote ni lile la kwanza: kwamba mtoto alitaka majina ya baba yake na mama yake yasipotee. Kampuni zilimchukua kwa ajili ya muungano aliojisifia. Watu wa Bihambwe, ambao hawakuwahi kusikia habari zake, wanalitumia jina lake kwa kazi ile ya kwanza.