Ernie Davis: Nyota wa Elmira aliyezimika mapema

MASHABIKI wa Elmira, mji mdogo jimboni New York, Marekani, walibishana kuhusu mchezo aliouweza zaidi kijana wao, Ernie Davis. Akiwa katika kikosi cha mpira wa vikapu cha shule ya Elmira Free Academy, kilishinda mechi 52 mfululizo. Hata hivyo, kilichomvumisha ni kandanda ya Kimarekani, ambayo mpira hubebwa mikononi.

Davis alizaliwa Desemba 14, 1939 jimboni Pennsylvania, akalelewa na babu na nyanya yake hadi alipojiunga na mamake Elmira akiwa na umri wa miaka 12.

Katika Chuo Kikuu cha Syracuse, alisaidia timu kutwaa ubingwa wa kitaifa wa kandanda hiyo mwaka wa 1959, na pia akachezea timu ya vikapu. Mnamo 1961 akawa Mwamerika mweusi wa kwanza kushinda Heisman, tuzo ya mwanakandanda bora wa vyuo.

Klabu ya Cleveland Browns ilimsajili, lakini kabla ya msimu wa 1962 kuanza akagunduliwa kuwa na saratani ya damu. Aliaga dunia Mei 18, 1963 akiwa na umri wa miaka 23. Maelfu walifurika Elmira kumuaga.

Ingawa hakuwahi kuichezea mechi hata moja ya ligi, klabu hiyo iliistaafisha jezi yake, nambari 45.