Mwalimu Kabla ya Ikulu



Hapa Songea, kila mwaka vijana wa parokia wanamaliza chuo na kurudi na swali lilelile, ila kila mmoja analiuliza kivyake. Mmoja kapangiwa shule huko Tunduru, mchumba wake yuko Dodoma. Mwingine kapata kazi ya mkataba mjini, anatoka saa moja jioni, na mazoezi ya kwaya ni saa kumi na moja. Wa tatu ana gitaa limening'inia ukutani tangu apate ajira. Kazi, mpenzi, na kile kitu kinachokufurahisha: unavigawaje bila kimoja kufa?

Sina ratiba ya kuwapa. Nataka niwasimulie miaka kumi tu ya maisha ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kuanzia 1945 hadi 1955. Tumezoea kumwona kwenye picha ya ofisini, mzee mwenye fimbo. Tunasahau kuwa naye alimaliza chuo akiwa na miaka 23, hana gari, hana nyumba, na ukoo mzima Butiama unamtazama yeye.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mama Mugaya. Alianza shule akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma, halafu Tabora. Alibatizwa Desemba 1943, mtu mzima, kwa kuchagua mwenyewe. Kumbukeni hilo, maana wengi wetu tulibatizwa tukiwa tumebebwa.

Makerere alisomea ualimu, na hapohapo aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake akitumia mawazo ya John Stuart Mill. Mimi nilipomsoma Mill kwenye falsafa alikuwa jina la kujibia mtihani. Yeye alimsoma akimfikiria mama yake, mmoja wa wake wengi wa chifu. Nadhani hapo ndipo tunapoona kusoma kulikuwa nini kwake. Hakikuwa kitu cha kufanya kazi zikiisha. Alisoma ili aelewe nyumba aliyotoka.

Alipomaliza mwaka 1945 alikuwa na njia mbili Tabora: shule ya serikali, au St. Mary's ya Mapadre Weupe. Serikalini ndiko kulikokuwa na masilahi. Akaenda St. Mary's. Akafundisha, akaingia kwenye chama cha TAA, jioni akawafundisha watu wazima wa mjini Kiingereza bila malipo. Alijihusisha pia na duka la ushirika. Kwa muda mfupi akafanya kazi ya kukagua bei madukani, akaiacha. Yaani miaka yake ya kwanza ya kazi haikuwa mstari ulionyooka hata kidogo! Alijaribu hiki, akaacha kile. Ukimtazama wakati ule ungesema huyu kijana hajatulia.

Kuna jambo moja lakini lililotulia. Huko nyumbani alikuwa ameshatafutiwa mke kwa desturi angali kijana mdogo, na hakumchagua yeye. Suala lile lilibidi limalizwe. Aliyemchagua mwenyewe alikuwa mwalimu mwenzake, Maria Gabriel, binti wa kutoka Tarime aliyesoma kwa masista na kuchukua mafunzo ya ualimu Sumve, akawa anafundisha Nyegina karibu na Musoma. Wakachumbiana. Halafu mwaka 1949 mchumba huyo akasafiri kwenda Edinburgh.

Hebu fikirieni. Sisi mtu asipojibu ujumbe kuanzia asubuhi mpaka jioni tunaanza kuuliza marafiki zake. Hawa wawili walikuwa na barua tu, bahari katikati, kwa zaidi ya miaka mitatu. Yeye akiwa mmoja wa Watanganyika wa kwanza kusoma chuo kikuu Uingereza, na kule kulikuwa na kila sababu ya kumsahau mwalimu wa shule ya msingi huku Musoma. Alirudi Oktoba 1952 na shahada yake, na jambo alilolifanya ni kujenga nyumba Butiama. Kwa mikono yake. Alikanyaga tope la matofali na miguu yake mwenyewe, watu wakashangaa: msomi wa Ulaya anakanyaga tope? Januari 1953 wakafunga ndoa.

Hapa mimi naona kitu ambacho semina nyingi za uchumba hazikisemi. Hakusubiri maisha yakae sawa ndipo aoe. Hakuwa na akiba ya maana, na kazi mpya ndiyo kwanza alikuwa anaianza, Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Lakini pia hakuoa kwa pupa. Uchumba uliosubiri miaka zaidi ya mitatu si wa pupa.

Miezi mitatu baada ya harusi, Aprili 1953, alichaguliwa rais wa TAA. Ndoa changa, kazi mpya, na chama. Kutoka Pugu hadi mjini Dar es Salaam ni kilomita kama 20, na wazee husimulia jinsi alivyokuwa akienda kwenye mikutano kwa miguu na kurudi ili Jumatatu awe darasani. Mtoto wa kwanza, Andrew, alizaliwa mwaka huohuo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 alikuwa New York kwenye Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akidai Tanganyika ijitawale. Aliporudi aliambiwa achague: chaki au siasa. Mwezi huohuo aliandika barua ya kuacha kazi.

Tunapenda kusimulia sehemu hii kama ushindi. Mimi napenda kubaki kidogo na yule aliyekuwa nyumbani. Maria alikuwa mama wa miaka 24, watoto wadogo, na mshahara umekatika. Familia ikarudi Musoma. Kwa muda huo Mwalimu alimfundisha Kizanaki Padre Arthur Wille wa Maryknoll na kutafsiri. Waliporudi Dar es Salaam na kukaa Magomeni, Maria aliendesha duka dogo. Kwa hiyo, ukiuliza Nyerere aliwezaje kubeba vyote, jibu la haki ni kwamba hakubeba peke yake. Kijana aliyeandika juu ya uhuru wa wanawake aliendelea na siasa kwa sababu mwanamke mmoja alisimama dukani. Sidhani hilo linamchafua. Ila kama wewe kaka umechumbia na una ndoto kubwa, zungumza na dada huyo mapema nani atasimama dukani, na je, yeye ndoto yake ni ipi. Maria naye alikuwa na taaluma.

Na vile vya kumfurahisha? Havikufa. Alicheza bao mpaka uzeeni. Tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari mkuu wa nchi, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Misa ya asubuhi ilikuwa sehemu ya siku yake. Mtu mwenye nchi nzima kichwani alipata nafasi ya kubishana na mshairi wa Kiingereza usiku. Sisi, tuseme ukweli, nafasi yetu inaliwa na simu.

Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wake mwaka 2005, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa halijamtangaza mwenye heri, basi tusimtangulie. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Miaka mitatu kabla ya hapo, baada ya kustaafu, alimalizia kazi nyingine ya upenzi wake: Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili. Zilichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, na Peramiho ni hapahapa, kilomita kama 24 tu kutoka Songea mjini. Mkienda, ulizeni.